Daftari la ardhi ni la umma, mbona tunaambiwa "hiyo si yako kuiona"? Malalamiko kuhusu sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ardhi, katika masjala za kaunti

Wanajukwaa wenzangu,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Yeyote anayefanya kazi katika masjala ya ardhi, awe karani, mpimaji au msajili mwenyewe, namsihi asome mpaka mwisho kabla ya kunijibu kwamba siku hizi mambo yote yamo mtandaoni, kwa sababu ninachokilalamikia hakiondolewi na kompyuta. Sheria ya Kenya inasema rekodi za ardhi ziko wazi kwa umma, Mahakama ya Juu imekwisha kutuambia sisi wanunuzi kwamba ni juu yetu kuchunguza asili ya hati tunazouziwa, na ofisi ile ile inayotunza kumbukumbu za asili hiyo ndiyo inayotukatalia kuziona.

Chama chetu kina walimu, mafundi wa magari na akina mama wa mitumba, na tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tununue ploti pembezoni mwa mji. Kaunti siitaji, kwa kuwa nikiitaja wengi watasema "hao ndio walivyo" na kuendelea na safari zao, ilhali niliyoyaona pale nimeyasikia kwa watu wa kaunti nyingine nyingi. Muuzaji alituonyesha hatimiliki safi yenye muhuri, nami kama katibu nikatumwa kufanya sachi.

Jambo la kwanza nililoulizwa kwenye kaunta ni nakala ya hatimiliki. Tafadhali litafakarini hilo. Ninakwenda kuchunguza iwapo karatasi aliyonayo muuzaji ni ya kweli, na sharti la kuruhusiwa kuchunguza ni muuzaji huyo huyo anipe nakala ya karatasi hiyo. Mimi nilikuwa nayo, nikaitoa. Lakini mjane ambaye shemeji yake ameifungia hati sandukuni ataitoa wapi? Wazazi wa shule ambayo uwanja wake wa michezo umezungushiwa mabati usiku watamwomba nani nakala, yule aliyeweka mabati? Watu wenye haja kubwa kuliko wote ya kujua ardhi imeandikwa kwa jina la nani ndio hasa wasioweza kuwa na hati ya ardhi hiyo mkononi.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinampa mtu anayetaka upekuzi rasmi wa kipande chochote cha ardhi haki ya kupata maelezo ya yaliyomo katika daftari, pamoja na nakala zilizothibitishwa za hati, ramani au mchoro uliohifadhiwa masjalani, akishalipa ada iliyowekwa. Kifungu cha 10 kinamtaka msajili ayafanye maelezo ya daftari yapatikane kwa umma kwa njia ya kielektroniki au nyingine. Nimevisoma vifungu hivyo mara kadhaa nikitafuta mahali panaposema "mradi mwenye ardhi amekubali", na sijapaona. Sharti linalotajwa katika kifungu cha 34 ni malipo, na malipo tulifanya.

Stakabadhi nilipoipata, faili haikuonekana. Wengi wenu mnaijua sentensi hiyo, na mnajua pia kinachofuata: unatoka nje ya lango umenuna, kijana aliyekaa kwenye kivuli karibu na wapiga chapa na wauza fomu anakuuliza kwa upole unatafuta nambari gani, na baada ya mazungumzo mafupi kuhusu chai, faili iliyopotea inakuwa haijapotea tena. Sikutoa chai, kwa hiyo nilirudi na kurudi. Siwezi kuthibitisha kwamba kijana yule na mtu wa ndani wanagawana, wala simtuhumu karani yeyote kwa jina. Ninachosema ni kwamba dalali asiye na kitambulisho cha kazi alijua faili ilipo, na ofisi yenye jukumu la kuitunza ilisema haijui. Hili nalo si geni. Mei 2014 aliyekuwa Waziri wa Ardhi, Charity Ngilu, alizifunga masjala za Ardhi House, makao makuu ya wizara yake pale Nairobi, kwa siku kadhaa ili faili zikaguliwe na kupangwa upya, kilio kikiwa hiki hiki cha faili zinazopotea na kuonekana kwa bei.

Hatimaye cheti cha upekuzi kilitoka, ukurasa mmoja. Kilionyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wa kipande, na kwamba hakuna rehani wala zuio. Wengi hufika hapo wakafurahi na kumlipa muuzaji. Mimi niliomba jambo moja zaidi, na hapo ndipo hasira yangu hasa ilipoanzia: niliomba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani.

Kwa wasioijua, kadi ya kijani ndiyo daftari lenyewe kwa ardhi ya umiliki kamili iliyosajiliwa chini ya ile sheria ya zamani ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300, na ardhi ya kukodishwa ina kadi yake nyeupe. Humo huandikwa kila aliyewahi kuimiliki ardhi, tarehe aliyoipata, rehani zilizowekwa na kuondolewa, mazuio yaliyofunguliwa na kufutwa. Cheti cha sachi kinakuambia nani anamiliki leo, na kadi inakuambia alifikaje hapo. Ukiona kwamba ardhi ya mzee mmoja ilikaa kwa jina lake tangu enzi za ugawaji, kisha ikapita kwa wanunuzi watatu ndani ya miezi michache, hata usiposoma sheria utajua pa kuuliza. Nami niliambiwa, tena kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku kizingitini, kwamba hiyo si yangu kuiona, ni ya mwenye ardhi au ya mtu mwenye amri ya mahakama.

Nilipotaja kifungu cha 34 nilijibiwa kwamba kinazungumzia maandiko yanayotumika sasa, wala si historia. Ni kweli kifungu kinataja maandiko yaliyopo, lakini sentensi haikomi pale. Inaendelea hadi kwenye nakala za hati yoyote iliyohifadhiwa. Afisa wa umma hana ruhusa ya kuisoma nusu ya sentensi inayomfaa na kuifunika nusu nyingine kwa kiganja.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kilichogombaniwa ni kiwanja cha ufuoni Nyali ambacho mwaka 1989 kiligawiwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kikauzwa kwa kampuni moja, kisha kikanunuliwa na Dina. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaubomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda pwani. Kampuni ilikuwa na hati, tena iliyosajiliwa. Mahakama ikasema ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu, kwa hiyo hati iliyotokana nao haiwezi kulindwa, na mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema tu kwamba alinunua kwa nia njema. Sipingi uamuzi huo hata kidogo. Nchi hii iliporwa kwa hati zenye mihuri; ripoti ya mwaka 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilikadiria hati zilizotolewa kinyume cha sheria kuwa takriban 200,000 kati ya mwaka 1962 na 2002, na si haki mali ya umma iliyoibwa isafishwe kwa kuuzwa mara mbili tatu. Lakini kama mzigo wa kuchunguza mwanzo wa hati umewekwa juu ya kichwa cha mnunuzi, basi mnunuzi apewe kadi, apewe barua ya ugawaji, apewe ramani. Vinginevyo tunahukumiwa kwa kutosoma kitabu kilichofungiwa kabatini na mwenye kutuhukumu.

Walionunua viwanja Syokimau walibomolewa nyumba Novemba 2011 kwa sababu ardhi ilidaiwa kuwa ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Mara zote mbili familia zilisimama kwenye vifusi na karatasi mikononi, na mara zote mbili hapakukosekana watu wa kuuliza kwa dharau kwa nini hawakufanya uchunguzi. Ningependa waulizaji hao waende masjalani wakafanye huo uchunguzi wakiwa raia wa kawaida, bila wakili na bila noti ndani ya bahasha.

Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni nambari. Kabla ya mwaka 2012 ardhi yetu ilisajiliwa chini ya sheria kadhaa kwa pamoja, ikiwemo Sheria ya Usajili wa Hati, Sheria ya Ardhi za Serikali, ile ya Ardhi Iliyosajiliwa, na Pwani kukawa na Sheria ya Hati za Ardhi yenye mizizi katika amri ya mwaka 1908. Kila mfumo ulikuwa na madaftari yake na namna yake ya kuhesabu vipande. Sheria mpya ilitaka vyote viingizwe katika daftari moja, na kuanzia mwisho wa mwaka 2020 serikali ikaanza kutangaza ubadilishaji wa nambari, za zamani upande huu na mpya upande ule. Ni jambo jema kwa nia yake. Ila daftari letu halipekuliwi kwa jina la mtu wala kwa jina la mtaa. Usipokuwa na nambari huna chochote, na ukiwa na nambari ya zamani iliyokwisha kubadilishwa unaambiwa kipande hicho hakipo. Mtu aliyeachiwa na babu yake barua yenye nambari ya mwaka 1968 anarudi nyumbani akiamini kwamba ardhi yao ilikuwa hadithi.

Nitaambiwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, imeyamaliza haya. Mfumo huo ulizinduliwa Aprili 2021 ukaanzia Nairobi, na kwa kiwanja ambacho rekodi zake zimekwisha kuingizwa na kuhakikiwa, nakiri unaokoa nauli na muda. Lakini umejengwa juu ya wazo lile lile kwamba daftari ni siri ya mwenyewe, na mpekuzi ni mgeni anayebisha hodi huku ameshika nambari mkononi. Kuihamisha kaunta kwenye skrini hakuibadilishi desturi ya kaunta.

Wengine watanijibu kwa hoja ya faragha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hoja hiyo naiheshimu, na sitaki nambari ya simu ya mtu, wala ya kitambulisho chake, wala picha yake. Vifutwe kwenye nakala kabla sijapewa. Ila jina la mwenye ardhi na jinsi alivyoipata si faragha, kwa sababu umiliki wenyewe ni dai analolitoa dhidi ya sisi sote, kwamba tusikanyage pale. Ndugu zetu walioko Houston wanajua kuwa katika Kaunti ya Harris, Texas, mtu yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini wa mali akaandika anwani au jina, akaona mwenye nyumba na thamani iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi, bila kulipa na bila kueleza anataka kujua kwa nini. Sisemi tuige kila kitu, kwani huko nako matapeli wapo. Ninasema tu kwamba anga haijawaangukia.

Na tusisahau serikali zetu za kaunti, ambazo hupenda kusema ardhi ni ya wizara na si yao. Kaunti hutoza kodi ya viwanja kwa kutumia orodha ya uthamini, na orodha hiyo kisheria huwekwa wazi ili wananchi waikague na kuipinga. Nairobi yenyewe iliendelea kwa miongo kadhaa na orodha ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika kaunti yetu niliomba kuiona, nikaelekezwa kwenye ofisi ya mapato, mapato wakanirudisha kwa mipango ya miji, na mipango ya miji wakaniuliza kama mimi ni mwanahabari. Matokeo yake, jina lililo kwenye bili ya kaunti na jina lililo masjalani yanaweza kutofautiana kwa miaka mingi bila ofisi yoyote kushtuka, na tapeli mwenye stakabadhi halali za kodi hutembea nazo kifua mbele kana kwamba ni hati.

Sasa nimeandika ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Ombi lenyewe halina ada, isipokuwa gharama ya kutoa nakala, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nimetaja kadi ya kijani ya kipande hicho, ramani ya masjala inayokionyesha, na fomu ya mgawanyo kama kilikatwa kutoka kipande kikubwa. Nimetaka pia kwamba wakikataa, waandike sababu na kifungu wanachokitegemea, maana "hairuhusiwi" ya mdomoni haiwezi kukatiwa rufaa. Wakinyamaza au wakikataa, nitaipeleka barua kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kupitia uamuzi wa namna hiyo. Muuzaji amekwisha kutuambia kwamba ana mnunuzi mwingine asiyeuliza maswali mengi, nasi tumemjibu kwamba amuuzie.

Ninachowaomba ni hiki. Aliyewahi kupewa nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani au nyeupe bila amri ya mahakama na bila kuwa mwenye ardhi, aseme ni kaunti gani, alitumia maneno gani kwenye ombi lake, na aliyeidhinisha alikuwa na cheo gani. Majina ya watu msiyaweke. Aliyekataliwa kwa maandishi aiweke hapa barua hiyo baada ya kufuta nambari ya ploti na majina. Na mawakili mlio humu, mtusaidie kwa swali moja: je, kuna kanuni yoyote inayomruhusu msajili kudai nakala ya hatimiliki kabla ya kupokea ombi la sachi, au ni mazoea tu ya kaunta? Kama ipo, itajeni kwa nambari yake, nami nitaiongeza kwenye malalamiko nitakayoyapeleka kwa Tume.