Tupeane uzoefu: butiki ama malewa (fasi ya kula) gani ya Goma, Kongo, unakumbuka na leo haiko tena?

mwana_mapendo
Bandugu wa Goma, na benye mulitoka mukaenda mbali, leo nimepita katikati ya muji nikakuta banabomoa butiki ingine ya zamani, ile yenye baraza ya simenti mbele, fundi ananiambia patapanda etaje (gorofa) ine. Sina shida na etaje. Lakini hapo njo mama alikuwaka ananituma mawese na sabuni ya kipande, na muzee wa butiki alikuwa anatujua sisi wote kwa jina, anajua na nani amelipa na nani bado. Tupeane, kila mutu aseme ile anakumbuka, ilikuwa wapi, ilienda namna gani. Bazee banakufa na hakuna mwenye anaandika.

kando_ya_kituku
Mimi ni sambaza, samaki ndogondogo ya ziwa Kivu. Kulikuwa mama moja pale Kituku, karai moja na makala basi, sambaza inatoka ndani ya mutumbwi inaingia ndani ya mafuta, unakula na bugali ya mihogo na pilipili ya kusaga. Hakuna ubao hakuna jina, tulikuwa tunasema tu "kwa mama". Leo fasi yake banauzisha yunite za simu.

dada_katindo
Ile pilipili jamani!! Kweli kabisa.

juu_ya_majiwe
Mumegusa kidonda yangu. Baba yangu alikuwa na alimantasio (duka ya chakula) katikati ya muji, kwa barabara yenye inashuka kuelekea ziwa. Kulikuwa sukari, unga, sardini, mishumaa, biki za shule, na mbele mama alikuwa na meza ya chai na mikate. Siku ya ine, tarehe 17 Januari 2002, volkano Nyiragongo inapasuka asubuhi, na bazee walikuwa wanatutuliza, wanasema 1977 ilipasuka vilevile na haikufika katikati ya muji, kwa hiyo batu waliendelea kuuza, hata sisi tuliuza mpaka saa sita. Mangaribi anga yote ikakuwa nyekundu. Baba akafunga mulango na kufuli mbili, KUFULI MBILI, eti bezi wasiingie, akashika mudogo wangu mukono tukaenda, na dafutari ya madeni ikabaki juu ya kontwari. Tulivuka mupaka, tukaingia Gisenyi ya Rwanda na umati, tukalala inje, tunasikia milipuko ya madepo usiku muzima.

Batu wa misaada walikuwa wanasema tusirudi, lakini muji wote ulikuwa unarudi, tutakula nini kwa inchi ya wenyewe? Majiwe ilikuwa bado ya moto, sandali za plastiki zilikuwa zinalainika chini ya mguu, unakanyaga haraka haraka. Barabara hatukuiona. Baba akaanza kutafuta butiki yake kwa kupimia na ukuta ya jirani mwenye alikuwa na etaje, maana ile etaje tu ndiyo ilitokeza, akapiga hatua toka pale, akasimama, akasema tuko juu yake. Tulikuwa juu yake! Chini ya miguu yetu sukari, mishumaa, kufuli, vyote. Na siku zilezile batu walienda kuchota esanse (petroli) kwa kituo yenye lava ilizunguka, ikalipuka, makumi ya batu wakafa, na kijana mwenye alikuwa anauzisha sigara moja moja mbele ya mulango wetu alikuwa kati yao. Yule kijana, mama yangu analia mpaka leo akimutaja.

Sasa sikilizeni. Dafutari ilichomeka, hakuna alama juu ya mutu yeyote. Tukasimamisha kibanda ya mabao juu ya majiwe, na batu wakaanza kuja. Mama moja alileta pesa ya sukari imefungwa ndani ya pembe ya kitenge, na yeye mwenyewe nyumba yake ilienda. Mwalimu moja alileta nusu, akasema ingine mwisho wa mwezi, na akaleta. Bengine, tena benye walikuwa na uwezo, wakimuona baba wanavuka ngambo ya barabara. Hakumuita hata moja. Alianza upya na gunia ya unga, anapima na kopo ya maziwa ya Guigoz.

himbi_wa_zamani
Nimesoma yote nimesimama pembeni ya barabara, chukudu (kinga ya mabao ya kubeba mizigo) karibu inigonge. Mungu amupumuzishe kijana yule.

dada_katindo
Dafutari!!! Nyumbani kwetu mama alikuwa anasema kuna butiki tulilipa kisha volkano. Inawezekana ni kwenu? Ilikuwa karibu na katedrali ya Saint-Joseph yenye ilichomeka?

juu_ya_majiwe
Chini yake kidogo dada. Inawezekana. Nitamuuliza mama, yeye anakumbuka sura zote.

muzee_wa_bulanjeri
Poleni sana na story ile, lakini munisamehe, kila mara munaanza historia na lava. Maduka ya muji huu yaliuliwa zamani, lava bado. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu anatangaza zairianizasio, maduka na mashamba ya bageni, Wagiriki, Wahindi, Warabu, yanachukuliwa yanapewa batu wa serikali na marafiki wao. Miezi kidogo tu stok inaisha, rayon (rafu) zinabaki na vumbi. Serikali ikarudi nyuma, ikaita wenyewe warudishiwe, bengi walikuwa wameshaenda. Nilikuwa kijana, nilikuwa napanga foleni ya chumvi. Chumvi!

mjukuu_wa_komersa
Muzee, na heshima yote, babu yangu alipewa duka wakati ule na hakuimaliza na vumbi. Alifanya kazi. Bidhaa ilikosa juu deviz (pesa ya inje) ilikosa, shaba ilianguka bei, si juu mweusi hajui kuuza.

muzee_wa_bulanjeri
Sijasema mweusi hajui kuuza. Nimesema alipewa mwenye hakuomba na mwenye hakusoma hesabu. Babu yako kama alifanya vizuri ni sifa yake.

mjukuu_wa_komersa
Basi andika hivyo toka mwanzo.

birere_mabao
Na bacomersa (bafanya biashara) wa muji wa Butembo mbona hamuwataji, wenye walienda wenyewe Dubai na Uchina kuleta kontena wakati hakuna serikali hakuna barabara? Bila bale Birere ingekuwa na nini?

himbi_wa_zamani
Hapa hatuingizi kabila tafazali. Tubaki kwa maduka.

birere_mabao
Hakuna kabila hapa, ni kazi ya batu. Halafu nieleze ya kwangu. Birere nyumba ni za mabao zimebanana, moto ikishika kwa moja inakula avenue yote, gari ya kuzima haipiti. Meza yangu ya mitumba ilienda hivyo usiku, asubuhi nikakuta misumari na ziperi. Asanti kwa bajirani wenye walinipa balo (mufuko ya mitumba) ya kuanzia.

juu_ya_majiwe
Pole sana ndugu.

dada_katindo
Kuna moja napenda, iko bado, karibu na barabara ya aeroporti: redeshose yake (vyumba vya chini) iko chini ya lava, kwa hiyo unaingia butiki kupitia yenye ilikuwa dirisha ya etaje. Kizingiti bado iko na alama za vyuma vya dirisha. Batoto wanaona ni mulango wa kawaida.

garanti_ya_miezi_sita
Mimi nasema yenye iliua maduka ni pesa ya nyumba. Kisha 2002 ONU na maONG wanajaa, mwenye nyumba anataka dolari, garanti (pesa ya kuweka mbele) ya miezi sita cash. Malewa ya dada yangu kule Les Volcans ilikuwa inajaa kila midi, sombe (majani ya mihogo), maharagi, makayabu (samaki ya chumvi), mwenye nyumba akaipa shirika fulani kwa mara tatu ya bei. Dada akapewa wiki mbili atoke. Wiki mbili na sufuria zote zile!

kando_ya_kituku
Lakini maONG hayohayo ndiyo walikuwa bakliyan (benye kununua). Angalia leo wameenda, nani anakula resto za kando ya ziwa?

mama_wa_ndosho
Niwaambie ya leo leo, juu mimi niko napika. Februari 2024 barabara ya Sake inakatika, maharagi na fromaji ya Masisi havifiki kama zamani, bei inapanda kila siku ya soko. Napunguza sahani, bakliyan wananuna, na wako na haki. Kisha tarehe 27 Januari 2025 muji unachukuliwa kwa vita, tulikuwa chini ya vitanda, butiki nyingi zilipasuliwa, kisha banki zinafunga, aeroporti inafunga. Mwalimu anakuja, njaa iko usoni, mushahara uko kwa konti haitoki. Unamuambia nini? Unaweka sahani ya deni. Nimefika mahali nauzisha nusu sahani ili kila mutu apate kitu. Musaidie na mawazo, nisifunge.

garanti_ya_miezi_sita
Mama, kata deni kabisa. Bandika karatasi kwa ukuta. Deni imeua malewa nyingi kuliko vita.

juu_ya_majiwe
Usikate. Bila deni kwa muji huu hutabaki na kliyan. Andika, na wekesha kopi ya dafutari nyumbani, hiyo tu nakuomba.

himbi_wa_zamani
Pokea Airtel Money na M-Pesa, ata kidogo kidogo.

mama_wa_ndosho
Napokea, baba. Lakini nikitaka kuitoa cash wanakata sana, na mama wa makala hapokei simu.

kando_ya_kituku
Ongeza pilipili Mama, watakunywa maji, na maji nayo unauzisha 😄

muzee_wa_bulanjeri
Acha hiyo. Mama, toa friti kwanza, mafuta inakula faida yote. Baki na bugali, sombe na sambaza.

birere_mabao
Friti asitoe! Batoto wa shule wanakuja juu ya friti.

mwana_mapendo
Mama uko upande gani wa Ndosho? Kesho nashuka na batu watatu wa kazi.

mama_wa_ndosho
Ingilia njia ya soko, mukono wa kushoto, bashi (turubai) ya kijani. Fika mbele ya saa saba, sombe inaisha.