Uliambiwa "una bahati" lini, na ilikuwa bahati kweli? Tupeane uzoefu

MLETA UZI
Wakuu salaam. Mwaka juzi bodaboda niliyopanda ilivaa tela la trekta usiku. Wiki sita wodini, mguu umening'inizwa kama paja buchani. Kila anayekuja kunijulia hali, akishauangalia ule mguu vizuri: "Aisee, una bahati sana." Aliyenimaliza ni shangazi. Alikuja na uji kwenye chupa na machungwa matatu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamenya moja taratibu, akalila mwenyewe, ndipo akasema, "Mwanangu, wewe una nyota." Nyota gani hii ya kuwekewa beseni? Leteni zenu.

MJUKUU WA TANGA
Pole ndugu. Bibi yangu neno bahati halimtoki kirahisi, anasema ni la watu wa kubahatisha, wa bahati nasibu. Kwake ni "sudi" au "ngekewa". Nilipopata kibarua bandarini aliniambia, "Umepata ngekewa, usiitangaze." Nikatangaza, tena kwa pilau. Mkataba ulipoisha sikuitwa tena. Mpaka leo nikimpigia simu kuomba dua, kabla ya salamu ananikumbusha lile pilau.

MWENYE JINA
Mimi ndilo jina langu. Mwalimu akiita majina, "Bahati hayupo," darasa zima linamalizia, "Mbaya yupo!" Miaka saba hiyo.

MWANAAPOLO MSTAAFU
Nimekaa Mirerani miaka minne, nachimba tanzanite; sisi wachimbaji ndio tunaitwa wanaapolo. Kule hakuna mshahara: tajiri anakupa chakula, ananunua baruti, mgodi ukitoa ndiyo mnagawana. Usipotoa, mmekula ugali mkalala. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9.27 na jingine 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na ushee, kila kijiwe ni "zali la mentali!" Agosti akaleta la tatu, kilo 6.3. Hapo hata wabishi wa kijiweni wakaona neno zali halitoshi. Mtu anayelipia chakula na baruti mwaka baada ya mwaka bila kuona kitu, huyo mwaka wa ukame hamumuiti mwenye bahati. Mnamuita kichaa.

MLETA UZI
Umesema kweli mkuu. Na wewe ulitoka na nini?

MWANAAPOLO MSTAAFU
Kikohozi na simu ya tochi. Siku moja niliamka na homa, nikabaki juu. Mchana huohuo mwamba uliangukia zamu yangu, wenzangu wawili wakabaki chini. Mmoja ndiye aliyeniachia blanketi lake asubuhi, akaniambia lala tu, leo nakushikia. Nilirudi nyumbani nalo. Mama kanipokea mlangoni, kalishika lile blanketi, kasema hilo neno lako. Nikaingia ndani kulala.