Tupeane uzoefu: USDT ndogondogo kwa pesa ya simu, zinakwamia wapi?

Kibubu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa watu wanaonunua na kuuza USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) 10, 20, 50 kwa pesa ya simu. Wenye mamilioni wana nyuzi zao. Ombi langu ni moja: tusisimuliane nani kalizwa na nani kapiga hela. Wekeni hatua, kiasi na sababu ya kukwama, ili mgeni akisoma ajue abonyeze wapi.

Naanza na oda ya P2P, yaani ya mtu kwa mtu ndani ya soko la sarafu mtandaoni. Ukifungua oda ya kununua, soko linazifungia USDT za muuzaji, hawezi kuzigusa mpaka oda iishe. Saa inaanza kuhesabu, mara nyingi dakika 15. Kwanza unatuma pesa kwa simu, kisha unarudi kwenye oda na kubonyeza "Nimelipa". Ukilipa ukasahau kubonyeza, muda ukiisha oda inajifuta, USDT zinarudi kwa mwenyewe na hela yako iko kwake. Ukibonyeza kabla ya kulipa, unaonekana tapeli.

Kosa baya kuliko yote ni kubonyeza "Ghairi" ukiwa umeshalipa. Muuzaji akikuandikia "ghairi tu mkuu, nitakurudishia", anachotaka ni mzigo wake ufunguliwe. Usighairi. Kata rufaa humo humo kwenye oda, pakia risiti yenye namba ya muamala, na mazungumzo yote yabaki ndani ya oda. Mliyoongea WhatsApp msuluhishi wa soko hayaoni.

NgomaNzito

Kibubu kasema ya mnunuzi, mimi niseme ya muuzaji, maana huko ndiko kwenye mashimo.

Meseji si pesa. Meseji ya kughushi inaigwa mpaka nukta, ila mara nyingi inajisaliti kwenye salio. Ulikuwa na 14,300, umetumiwa 53,000, meseji inasema salio jipya ni 112,750. Aliyeiandika hajui ulikuwa na ngapi, kabahatisha. Hata hivyo usiishie kwenye hesabu hiyo. Fungua menyu uangalie salio mwenyewe: Tanzania M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, waliokuwa Tigo Pesa ni *150*01#, Kenya M-Pesa ni *334#. Salio limepanda? Endelea. Halijapanda? Hata akupigie simu analia mtoto yuko hospitali, usiachie.

La pili ni jina. Jina la aliyetuma pesa lilingane na jina lililothibitishwa kwenye oda. Watu wanaona huu ni usumbufu kwa sababu hawajui kilicho nyuma yake. Tapeli anatangaza simu ya bei chee mtandaoni. Mteja akijitokeza, tapeli anafungua oda ya kununua USDT kwako, anampa yule mteja namba yako ya simu kama namba ya "dukani". Mteja analipa, pesa halali kabisa inaingia kwako, unaachia USDT kwa tapeli. Kesho mteja hajapata simu yake, anakwenda polisi na namba aliyonayo ni yako. Laini inafungiwa, na wewe ndiye wa kujieleza.

Jina likipishana usiachie. Rudisha pesa kwenye namba ileile iliyotoka, si namba nyingine utakayopewa, kisha kata rufaa kwenye oda.

La tatu ni kurudishwa kwa muamala. Kenya aliyekosea namba hupeleka meseji ya muamala 456 kuomba arudishiwe, na wajanja wanautumia mlango huo baada ya kupokea USDT. Ndiyo maana wauzaji wengi huihamisha hela mara tu inapoingia.

Bi Hesabu

Wadau mnapiga mbio kwenye utapeli, na mimi naona wengi wanaliwa na makato wakiwa na wauzaji waaminifu kabisa. Tufanye hesabu kwenye karatasi. Bei hizi ni za mfano.

Unanunua USDT 20 kwa shilingi 2,650 kila moja, unauza kwa 2,690. Tofauti ni shilingi 40 kwa kila moja, jumla 800. Sasa toa makato ya kutuma pesa wakati wa kununua. Toa makato ya wakala utakapoitoa taslimu. Na kama katikati ulizihamisha kwenda waleti yako (programu ambayo ufunguo wake uko kwako) kwa ada ya kutoa ya USDT 1, hiyo peke yake ni 2,650, zaidi ya mara tatu ya faida yote. Umefanya biashara ya hasara na ukadhani umepata.

Kwa hiyo kiasi kidogo cha kuzungusha kibaki sokoni, kisitoke. Cha kuweka muda mrefu ndicho kitoke kwenda waleti yako, na kitoke kwa mkupuo mmoja. Ada ya kutoa haiangalii kiasi: USDT 20 na USDT 2,000 hukatwa sawa. Angalieni pia kiwango cha chini kwenye tangazo. Bei nzuri ya juu kabisa kwenye orodha mara nyingi ni ya anayetaka kuanzia laki tano.

Fundi Nyaya

Bi Hesabu kagusa ada, ngoja niifungue, maana kila wiki kuna mtu anauliza kwa nini kutuma USDT kwa TRC20 (njia ya mtandao wa Tron) jana kulikula TRX (sarafu ya Tron) kidogo na leo kumekula maradufu.

USDT ya Tron ni mkataba, yaani programu, unaokimbia ndani ya mtandao, na kuukimbiza kunahitaji nishati (kipimo cha kazi ya mtandao). Ukimtumia mtu ambaye tayari ana USDT kwenye anwani yake, inatumika nishati kama 65,000. Ukimtumia mwenye anwani isiyo na USDT hata kidogo, inapanda hadi kama 130,000, kwa sababu mtandao unalazimika kumfungulia nafasi mpya ya kumbukumbu. Huna nishati uliyoipata kwa kufungia TRX? Mtandao unachoma TRX yako. Kwa bei ya sun 100 kwa kila nishati, iliyopitishwa kwa kura Agosti 2025, hesabu ni TRX 6.5 au TRX 13. TRX moja ni sun 1,000,000, pigeni wenyewe. Bei hii hubadilishwa kwa kura, msiikariri.

TRX isipotosha katikati ya safari, muamala unaandikwa kwamba umeshindwa. USDT inabaki kwako, lakini TRX iliyokwisha kuchomwa hairudi. Watu huona hili ni wizi. Si wizi, kompyuta za mtandao zimeshafanya kazi.

Na anwani mpya iliyopokea USDT pekee bado haijaamshwa. Inahitaji kutumiwa TRX kwanza, la sivyo unaziona USDT zako kwenye kioo na huwezi kuzisogeza. Weka TRX 20 hivi kabla ya kupokea chochote.

Pwani Kaskazini

Fundi, heshima yako, lakini kwa hesabu hizo kwa nini tuendelee kung'ang'ania Tron? Mitandao mingine ni senti.

Fundi Nyaya

Kwa sababu mnunuzi wako yuko huko. Mtandao nafuu usiopokelewa na unayefanya naye biashara ni nafuu ya bure. Ila kwa kuhamisha kati ya waleti zako mwenyewe nakubaliana nawe, tumia ulio nafuu, bora upande wa pili uwe unaupokea.

Pwani Kaskazini

Sawa, hapo tumekutana. Basi niongezee la mitandao kuchanganywa.

Anwani ya Tron huanza na T, ina herufi 34. Ya Ethereum huanza na 0x, jumla 42. Kuzichanganya hizo mbili ni vigumu, waleti yenyewe itakataa. Hatari iko kati ya ERC20 (njia ya Ethereum) na BEP20 (njia ya mtandao wa BNB), maana zote ni 0x na anwani inafanana herufi kwa herufi. Ukituma kwa BEP20 kwenye waleti yako uliyoizoea kwa ERC20, hazijapotea: ufunguo ni uleule. Ongeza mtandao wa BNB kwenye waleti, utaziona, kisha tafuta BNB kidogo ya gesi, yaani ada ya mtandao huo, ili uzitoe. Lakini kama anwani ni ya soko, ufunguo hauko kwako. Hapo unategemea huduma kwa wateja, na baadhi hutoza kuzirejesha, na baadhi hukataa kabisa.

Sumu ya anwani nayo ipo. Unafungua historia, unaona umetuma USDT 0 kwenda anwani inayoanza na kuishia kama ya rafiki yako. Hukutuma wewe. Kanuni za mkataba huruhusu mtu yeyote kuitisha uhamisho wa sifuri kutoka anwani yako bila ruhusa yako, kwa kuwa sifuri haipunguzi kitu. Shabaha yake ni siku utakayonakili anwani kutoka kwenye historia kwa haraka. Usinakili kutoka kwenye historia. Chukua upya kwa mwenyewe, na ulinganishe na herufi za katikati pia, kwa sababu za mwanzo na mwisho ndizo anazozifananisha.

Mtoto wa Mbuyuni

Wakuu samahani kwa kuingilia. Kuna mtu kwenye kundi kaandika hadharani maneno yake 12 ya siri ya kufungulia waleti, anasema hajui kutoa USDT zake zaidi ya 3,000, anaomba msaada. Nimeingiza maneno, kweli USDT zipo, ila TRX ni sifuri. Nikituma TRX 20 si nazitoa?

Fundi Nyaya

Kijana, weka simu chini.

Tron inaruhusu mwenye akaunti kubadilisha nani ana haki ya kusaini. Akaunti hiyo imeshahamishiwa haki kwa anwani nyingine, kwa hiyo maneno unayoyaona yanafungua mlango wa kuangalia tu. TRX yako ikiingia haitoki, na mwenye mtego anaikusanya. Ifungue anwani hiyo kwenye kurasa za kuangalia miamala ya Tron, sehemu ya ruhusa, utaona mwenye haki ni anwani tofauti na hiyo. Halafu angalia miamala inayoingia: TRX 20, TRX 15, TRX 30, kutoka kwa watu mbalimbali. Hao wote walipiga hesabu kama yako.

Na kwa kuwa tumeyataja maneno 12: orodha ina maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha kila neno. Neno la mwisho limebeba ndani yake sehemu ya kuhakiki, ndiyo maana ukikosea neno moja waleti mara nyingi inakataa. Mara nyingi, si zote. Kwa maneno 12 mpangilio wowote wa kubahatisha una nafasi moja kati ya 16 ya kupita, ukafungua waleti tupu ambayo si yako. Ukiona sifuri baada ya kurejesha waleti, kagua tahajia na mpangilio kabla ya kupiga kelele.

NgomaNzito

Wapo pia wanaopenda kulimbikiza bitcoin za buku mbili, buku tano. Fundi, waambie na hilo.

Fundi Nyaya

Bitcoin ada haiangalii thamani, inaangalia uzito wa muamala. Anwani zinazoanza na bc1q: muamala wa kawaida wenye pokezi moja (kiasi ulichowahi kupokea) na matokeo mawili (malipo na chenji) una uzito wa vB 141, vB ni kipimo cha uzito huo. Ada ikiwa satoshi 20 (satoshi ni kipande kidogo kabisa cha bitcoin) kwa vB, unalipa 2,820. Lakini kila pokezi ni noti yake peke yake ndani ya waleti, na kila noti unayoitumia inaongeza kama vB 68. Ukipokea mara kumi satoshi 2,000, una satoshi 20,000 kwenye kioo. Siku ya kuzituma zote pamoja, muamala una vB 720 hivi, ada inakuwa kama satoshi 14,400. Karibu robo tatu imeliwa. Dawa yake ni kuziunganisha noti hizo ziwe moja siku ada imeshuka hadi satoshi 1 au 2 kwa vB, au kupokea vidogo hivyo kwa Lightning (mtandao wa malipo madogo ya bitcoin) tangu mwanzo.

Na msikabidhi bidhaa kwa muamala wa bitcoin usio na uthibitisho hata mmoja. Tangu toleo la 28 la Bitcoin Core, programu kuu ya bitcoin, Oktoba 2024, nodi (kompyuta za mtandao) kwa kawaida hukubali muamala unaosubiri ubadilishwe na mwingine wenye ada kubwa zaidi. Aliyekutumia anaweza kujirudishia kabla muamala haujaingia kwenye bloku, yaani kundi la miamala iliyothibitishwa.

Bi Hesabu

Kodi, kwa ufupi, kabla uzi haujahamia kwingine. Tanzania: Benki Kuu ilitahadharisha mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya: ile asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023 ilifutwa mwaka 2025, ikawekwa asilimia 10 ya ushuru juu ya ada wanazotoza watoa huduma, na sheria ya watoa huduma hao ikasainiwa Oktoba mwaka huohuo. Tunzeni daftari: tarehe, kiasi, bei, namba ya muamala wa simu, namba ya oda. Linasaidia kwenye rufaa pia.

Mtoto wa Mbuyuni

Asante Fundi, nimeacha. Swali la mwisho: nimetuma bitcoin kwa ada ndogo tangu asubuhi, bado inasubiri. Imepotea?

Fundi Nyaya

Haijapotea. Kama waleti yako ina kitufe cha kuongeza ada, kibonyeze, panda mpaka kiwango kinachoingia bloku ijayo. Haina? Mwambie unayemtumia aitumie hiyohiyo kwenda anwani yake nyingine kwa ada kubwa, mchimbaji atazichukua zote mbili kwa pamoja. Na msipofanya lolote, nodi nyingi huiondoa kwenye foleni baada ya siku 14, na hela inaonekana tena kwako kana kwamba hukutuma.

Mtoto wa Mbuyuni

Kitufe kipo. Nimebonyeza.