Tupeane uzoefu: TWRP ilikugomea wapi, na ulitokaje? Wadau wa Mtwara na Lindi karibuni

Kuchele_Dijitali (Mtwara mjini)

Habarini wakuu. Nafungua uzi huu baada ya kukesha siku mbili na Samsung J5 ya mwaka 2016 ya mdogo wangu. Maelekezo ya kuweka TWRP (rikavari mbadala; rikavari ni menyu ya ukarabati inayowaka nje ya mfumo wa kawaida wa simu) yamejaa kila kona, ila yote yanaishia pale mambo yanapokwenda sawa. Yangu hayakwenda. Odin, programu ya kompyuta ya kuandikia simu za Samsung, iliandika PASS ya kijani, simu ikawaka vizuri. Nikaizima, nikashika sauti juu, kitufe cha katikati na cha kuwashia kwa pamoja, ikaja rikavari ileile ya kiwandani. Nikarudia. PASS. Ya kiwandani tena. Mara ya nne nikamwambia mdogo wangu simu yake ina jini.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye sekunde za mwisho. Odin ina kisanduku kimeandikwa "Auto Reboot", na huwa kinakuja na tiki yake tayari. Ukikiacha hivyo, simu ikimaliza inawaka moja kwa moja kwenye mfumo, na mfumo wa kiwandani ukikuta rikavari ngeni unairudishia ya kwake. Yaani TWRP iliingia kweli mara zote nne, ikafutwa kabla sijaiona! Nikatoa tiki, iliposema PASS nikachomoa betri (J5 betri yake inatoka, alhamdulillahi), nikairudisha na kushika vile vitufe vitatu bila kuipa nafasi ya kuwaka kawaida. Ikaja. Ikauliza kama naruhusu mabadiliko, nikatelezesha kidole kukubali. Ukikataa hapo, ya kiwandani inaweza kurudi tena.

Leteni na zenu. "Fuata video fulani" sitaki, nataka kujua ulikwama wapi na nini kilikutoa.

Fundi_Masasi

Hongera mkuu. Mimi hii ndiyo kazi yangu, na bado niliwahi kupoteza mchana mzima kwa sababu ya waya.

Mteja kaleta simu, butiloda (programu inayoanza kuwasha simu, ikiwa imefungwa hairuhusu kuweka kitu kigeni) imeshafunguliwa, nikaiingiza fastboot, yaani hali ya kupokea amri kutoka kwenye kompyuta. Naandika amri, kompyuta inajibu "waiting for any device", kisha kimya. Nikazima, nikawasha, nikashusha toleo jingine la programu. Kimya. Mteja kakaa kwenye benchi ananitazama, nami najifanya naelewa ninachokifanya.

Kilichonidanganya ni kwamba simu ikiwa imewaka kawaida, picha zake zilikuwa zinaonekana kwenye kompyuta. Nikaapa draiva, programu ya kuifanya kompyuta iitambue simu, ipo. Ndugu zangu, simu ikiwa fastboot Windows inaiona kama kifaa kingine kabisa, na kinataka draiva yake. Nilipofungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, nikakuta alama ya njano. Nikaweka draiva, alama ikaondoka, ila simu ikawa inaonekana na kupotea. Hapo ndipo nikabadilisha waya. Nyaya nyingi tunazouziwa stendi ni za kuchajia tu, au zinapitisha data kwa kusuasua. Mwisho nikahama kutoka mlango wa USB wa bluu kwenda mweusi, kwa sababu kuna simu hazielewani na USB 3 zikiwa fastboot. Ikakubali papo hapo.

Siku hizi mteja akija naanza na `fastboot devices`. Namba ya simu isipotokea, sigusi kingine chochote.

Mwalimu_Nachingwea

Fundi umenikumbusha machungu. Mimi kwangu TWRP yenyewe haikunisumbua. Kilichoniliza ni hatua ya kabla yake.

Nina Redmi. Nikaomba ruhusa ya kufungua butiloda, nikaambiwa nisubiri saa 168, wiki nzima. Nikasubiri kwa adabu. Siku ilipofika nikawa na haraka kama mtu aliyeitwa mnadani, nikabonyeza kukubali bila kusoma. Kufungua butiloda kunafuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Kila kitu, wakuu. Picha za sherehe ya mwanangu kutoka jandoni zilikuwa humo humo, kwenye kadi hazikuwepo. Babu yake aliyeonekana kwenye zile picha hatunaye sasa.

Halafu programu yangu ya benki ikagoma kufunguka, inasema kifaa si salama. Hela ya korosho inaingia benki, mnanielewa. Nikataka kufunga butiloda irudi kama zamani, bahati nzuri shemeji akanizuia. Ukiifunga huku ndani kuna rikavari au mfumo usio wa kiwandani, simu inaweza isiwake kabisa. Nilirudisha kwanza romu (mafaili ya mfumo) ya kiwandani, nzima, ndipo nikafunga.

Kuchele_Dijitali

Pole sana mwalimu. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Jahazi_la_Kivinje (Kilwa)

Mimi yangu ina tarehe. Mei 2024, ule wakati wa kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar imekatika Somanga, kazi hakuna, mvua tu. Nikasema nitumie muda huo kuweka TWRP kwenye simu yangu. Shetani huyo.

Nikaandika `fastboot flash recovery twrp.img`, ikajibu kwamba patisheni (sehemu ya hifadhi ya simu) hiyo haipo. Nikasoma mahali kwamba baadhi ya simu zina nafasi mbili za mfumo, A na B, na rikavari haina patisheni yake, imo ndani ya boot, sehemu inayoanzisha mfumo. Nikajiona nimeelewa. Nikaiandika TWRP juu ya boot. Tangu hapo kila nikiwasha inaingia TWRP, mfumo hauonekani ng'o.

Dawa ilikuwa boot.img ya awali, toleo lilelile la romu iliyokuwa kwenye simu. Ya toleo jingine ilinigandisha kwenye nembo. Kuipata lazima ushushe romu nzima, yangu ilizidi GB 3, ndipo uitoe ndani yake. Nikaanza kushusha. Tarehe 12 Mei ikatokea hitilafu kwenye nyaya za chini ya bahari, nchi nzima intaneti inachechemea, na faili langu likafia njiani. Siku kadhaa nilikuwa napiga simu kwa kitochi cha mama.

Njia sahihi niliijua baadaye. Kwa simu za namna hii unaiwasha TWRP kwa muda, `fastboot boot twrp.img`, bila kuandika chochote kwenye simu. Ikiwaka na kioo kikaitika, ndipo unaisimika kutokea humo humo ndani. Isipowaka, unazima na simu yako iko kama ilivyokuwa. Zipo zinazoikataa amri hiyo, lakini kujaribu hakugharimu kitu.

Fundi_Masasi

Ungejaribu kuhamia nafasi B kaka, `fastboot set_active b`. Wakati mwingine mfumo wa zamani unakuwa upo huko.

Jahazi_la_Kivinje

Ningeijua wakati ule ningekuuzia hata ngalawa.

Binti_wa_Mikindani

Samahani wakuu, mimi imeingia vizuri ila inaniomba nywila ambayo sijawahi kuweka, na ndani inaonyesha MB 0. Imekufa?

Kuchele_Dijitali

Haijafa dada. Data imefungwa kwa usimbaji, TWRP haiwezi kuisoma. Jaribu kwanza namba unayofungulia kioo. Ikikataa, nenda Wipe, kisha Format Data, uandike yes. Itafuta kila kilichomo, kwa hiyo kama una cha kuokoa rudi kwanza kwenye mfumo ukakinakili.

Mzee_wa_Ruangwa

Vijana mnahangaika na simu ya 2016. Si mnunue mpya?

Kuchele_Dijitali

Shikamoo mzee. Korosho bado ziko ghalani.

Tandahimba_Boy

Wenye simu zenye chipu ya MediaTek tunaotumia SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuziandikia, kabla ya kubonyeza angalia imeandikwa nini. Mimi niliacha kwenye "Format All + Download" badala ya "Download Only", simu ikawaka bila IMEI (namba ya utambulisho wa simu), laini hazisomi. Jamaa mmoja akaniambia ataniwekea IMEI ya simu nyingine. Nikakumbuka TCRA walivyozima simu feki Juni 2016, halafu kubadili IMEI ni kosa la jinai. Nikakataa. Kilichoniokoa ni nakala ya NVRAM, sehemu inayotunza IMEI, niliyokuwa nimeiweka kwenye laptopu siku nyingi, nikairudisha.

Mtama_Kwetu (Lindi)

Fundi wa Masasi, niko kwenye hilo hilo la "waiting for any device" tangu saa nne. Draiva nimeweka, alama ya njano hakuna. Waya ni wa bro, nao ni mpya.

Fundi_Masasi

Umechomeka mlango wa rangi gani?

Mtama_Kwetu

Bluu. Ngoja.

Mtama_Kwetu

Imetokea! Namba ndefu halafu neno fastboot. Niendelee? Umeme umekatika na laptopu ina asilimia 9.

Fundi_Masasi

Chomoa waya, mdogo wangu. Kalale.