Pozi la mti: mguu wa kushoto hautulii kabisa

MamaVitenge: Wadau, habari za jioni. Nafanya yoga kwa video za simu, sebuleni, watoto wakishalala. Mapozi ya kukaa na kulala hayanisumbui. Mguu wa kulia nao nasimama kama nguzo ya umeme. Sasa njoo kwa huu wa kushoto: nikipandisha tu unyayo wa kulia kwenye paja, kifundo kinatetemeka, vidole vinang'ang'ania mkeka, mara nimeshadaka kochi. Shujaa wa tatu, lile pozi la kuinama mbele na mguu mmoja umenyooshwa nyuma hewani, ndiyo usiseme, nyonga inafunguka upande, naelekea kabati la vyombo. Mguu huohuo niliteguka zamani nikishuka daladala, nikakandwa kwa maji ya moto ukapona. Mkeka wangu ni ule mnene wa sponji. Nina miaka 41, nauza vitenge Kariakoo, nasimama kutwa. Ni unyayo bapa au ndo uzee? Tafadhali, "jitahidi tu" sitaki.

Kocha_Mbagala: Toa huo mkeka. Simama kwenye sakafu, pekupeku. Mengine baadaye.

BiViungo: Uzee gani na miaka 41, dada! Jibu liko kwenye kule kuteguka. Kano za kifundo hazishikilii mifupa tu, zina neva zinazoupasha ubongo habari mguu umelala vipi. Kano ikiumia, maumivu huisha, lakini habari zinaendelea kufika kwa kuchelewa mpaka uzizoeshe upya. Kukandwa hakufanyi kazi hiyo. Mtetemo mdogo usikutishe, ni misuli inarekebisha.

Vidole kung'ang'ania ni dalili kwamba uzito umekaa vibaya. Unyayo una nguzo tatu: kisigino, fundo la chini ya kidole gumba, na fundo la chini ya kidole kidogo. Inua vidole vyote, vitandaze, kisha vishushe taratibu bila kukunja. Waliowahi kuteguka wengi huegemea ukingo wa nje na lile fundo la kidole gumba linaachia sakafu. Libonyeze chini. Ukishalipata, livute kuelekea kisigino, vidole vikiwa vimelala; utaona upinde wa unyayo unapanda. Shikilia sekunde chache, achia, rudia. Anza umekaa kwenye kiti, ukizoea ndipo usimame. Zoezi hili linachosha kuliko linavyoonekana, usishangae unyayo ukikaza.

Kwenye mti, unyayo wa juu uweke kwenye shavu la mguu au juu pajani, goti liruke. Macho yatue kwenye kitu kisichosogea. Ukitazama ile video huku umesimama kwa mguu mmoja, lazima uyumbe, maana macho ni moja ya njia tatu za mwili kujua umesimamaje. Nyingine ni sikio la ndani na nyayo zenyewe. Shujaa wa tatu shika mgongo wa kiti kwa sasa, mifupa yote miwili ya nyonga itazame sakafu.

Unyayo bapa unapimwa hapohapo nyumbani: lowesha mguu, kanyaga sementi kavu. Alama ikijaa yote, inuka kwa vidole. Upinde ukijitokeza, unyayo unalegea tu, na kama hauumi si ugonjwa. Ila kifundo kikikuacha hata ukitembea barabara tambarare, au kikivimba jioni, nenda hospitali kikaangaliwe.

Mzee_wa_Asubuhi: Nina 63. Napiga mswaki kwa mguu mmoja, asubuhi kulia, usiku kushoto, sinki liko mbele nikilegea nadaka. Yoga siijui, lakini suruali navaa nimesimama.

Kocha_Mbagala: @BiViungo naona hujagusa mkeka. Mi nilisikia sponji ndiyo mazoezi yenyewe.

BiViungo: Kwa aliyekwisha imarika, sawa. Kwa mguu usiojua ulipo, sponji inaziba habari zilezile tunazozitafuta. Sakafu kwanza.

MamaVitenge: Nimekanyaga sementi saa hii. Kulia kuna kiuno katikati, kushoto kumejaa kama chapati. Nikiinuka kwa vidole upinde unakuja! Na kweli, fundo la kidole gumba lilikuwa hewani muda wote huu, sijui. Swali la mwisho BiViungo: dukani navaa malapa, yana tatizo?

BiViungo: Malapa hayashiki kisigino, kwa hiyo vidole vinayakaba kutwa ili yasichomoke. Tafuta sandali yenye mkanda nyuma. Na mteja akiwa anapekua vitenge, wewe bonyeza lile fundo chini ya meza, hakuna atakayejua.