Falcons wametoa raundi ya kwanza ya 2026 kumfuata James Pearce: kikundi chetu kilipie tiketi za msimu au kisubiri?

Mweka Hazina wa Clarkston

Wakuu, habari za Jumapili. Nina jambo la kuomba ushauri, na kwa kuwa ndani yake kuna michango ya watu, naomba anayejibu ajibu kama hela ni zake.

Sisi ni kikundi cha Waswahili wa Clarkston na Decatur, hapa pembeni mwa Atlanta. Wamo Wabongo, Wakongomani, Warundi na Wakenya. Tunachangishana kila mwezi, na mwaka huu tulikubaliana sehemu ya mfuko ilipie viti viwili vya msimu mzima pale Mercedes-Benz Stadium, kuangalia Atlanta Falcons, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, tuwe tunapokezana mechi. Ikaja Alhamisi ya drafti ya 2025, pale timu za ligi ya NFL zinapochagua wachezaji wapya wa vyuo kwa zamu, raundi kwa raundi, na sasa kikundi kimegawanyika.

Tulikuwa tumekusanyika kwa mwenzetu tunaangalia. Zamu ya 15 Falcons wakamchukua Jalon Walker wa Chuo Kikuu cha Georgia, kijana wa hapa hapa jimboni kwa chuo, watu wakasimama kushangilia. Tukaanza kukusanya sahani. Ilipofika zamu ya 26, iliyokuwa ya timu ya Los Angeles Rams, runinga ikaonyesha nembo ya Falcons. Wamepanda! Likasomwa jina la James Pearce Jr. wa Tennessee, mwinda kwotabeki (mchezaji wa ulinzi anayemwinda mrusha mpira wa wapinzani) wa pili usiku huo huo. Shangwe zikaendelea mpaka bei ilipotoka: tumetoa chaguo letu (yaani zamu) la 46, la 242, na chaguo letu la raundi ya kwanza la 2026. Tumepokea hiyo 26 na chaguo la 101. Mzee wetu mmoja, aliyeanza kuifuata timu hii enzi za Michael Vick, aliweka kikombe chini akasema, "Wameuza na mwaka kesho."

Tangu hapo nusu ya kikundi inasema timu inayouza kesho yake haifai kupewa hela ya msimu mzima mkononi. Nusu nyingine inasema hatimaye wameuona ugonjwa na kununua dawa. Malipo ya kwanza yanatakiwa kabla Mei haijaisha. Je, hii ni biashara ya watu wanaojua wanachofanya? Na tulipie msimu, au tununue mechi moja moja?

Nawasilisha.

Mkongwe wa Kusini

Lipieni. Naifuata timu hii muda mrefu na nawaambia ugonjwa ulikuwa huo huo mmoja. Msimu wa 2021 tulimwangusha kwotabeki wa wapinzani mara 18, msimu mzima! Mwaka uliofuata mara 21. Mwaka jana 31, na bado tulikuwa karibu na mkia wa ligi nzima. Mpaka drafti hii, mchezaji wetu wa mwisho kufikisha saki 10 (yaani kumwangusha kwotabeki mara 10) kwa msimu ni Vic Beasley, alipopata 15.5 mwaka 2016, na mnakumbuka mwaka ule tulifika Super Bowl, fainali ya ligi.

Hamuwezi kushinda hivyo. Kwotabeki wa ligi hii akipewa sekunde tatu na nusu amesimama bila kuguswa, hata uwe na mabeki hodari kiasi gani atamwona mtu aliye wazi. Mwaka jana kila mtu Atlanta alikuwa analilia mwinda kwotabeki, meneja mkuu Terry Fontenot akamchukua kwotabeki, Michael Penix Jr., kwa chaguo la 8, tukamsema. Sasa ameleta wawili kwa usiku mmoja na bado tunamsema?

Hesabu Kwanza

Mkongwe, uhitaji hakuna anayeupinga. Tunazungumzia bei.

Kuna jedwali la alama lililoanzia Dallas Cowboys enzi za kocha Jimmy Johnson, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo watu wanapimia hilo. Chaguo la 26 ni alama 700. La 101 ni 96. Jumla tuliyopokea ni 796. Chaguo la 46 tulilotoa ni 440, na lile la 242 halifiki popote. Pengo ni kama alama 355, thamani ya chaguo la 54 au 55, yaani mwishoni mwa raundi ya pili. Hilo pengo ndilo tumeliziba kwa raundi ya kwanza ya mwaka kesho.

Watetezi watasema ni desturi: chaguo la mwakani huhesabiwa limeshuka raundi moja. Ni kweli, na kwa desturi hiyo biashara hii inakaa sawa kwenye karatasi. Lakini desturi hiyo ndiyo inayoniumiza. Ni kuuza mahindi yakiwa bado machanga shambani: mnunuzi anakupa nusu ya bei kwa sababu anajua una shida leo. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walishaonyesha zamani kwamba timu hulipia mno kupanda juu, na huipenda leo kuliko kesho kupita kiasi. Rams hawakuwa na shida yoyote. Walishuka nafasi 20, bado wakampata Terrance Ferguson wa Oregon kwenye 46, na sasa watakuwa na raundi za kwanza mbili mwakani.

Jambo lingine ambalo kikundi chako lazima kilijue: tukifanya vibaya, chaguo lile linapanda. Msimu uliopita tulishinda 8 tukafungwa 9, na tulichagua wa 15. Kila mechi tutakayopoteza msimu huu inawatajirisha Rams.

Binti wa Tanga

Naomba niwakumbushe jambo moja tu. Mwaka 2017 Falcons walipanda kutoka 31 mpaka 26, wakawapa Seattle chaguo la raundi ya tatu na la saba juu yake, ili kumchukua mwinda kwotabeki. Namba ile ile, 26! Alikuwa Takk McKinley wa UCLA. Miaka miwili ya kwanza alipata saki 6 na 7, tukaamini tumepata mtu. Akaishia na 17.5 kwa muda wote aliokuwa hapa, na Novemba 2020 timu ikamwacha.

Simwombei Pearce mabaya, ni kijana wa watu. Ila nataka Fontenot anieleze amejifunza nini kwenye hilo. Na kabla ya Pearce kulikuwa na mwinda kwotabeki mwingine, Matthew Judon, tuliyempata kwa chaguo la raundi ya tatu la mwaka huu huu. Amefunga msimu na saki 5.5. Chaguo la raundi ya tano nalo ligi ilitunyang'anya kwa yale mambo ya kuzungumza na kwotabeki Kirk Cousins kabla ya muda unaoruhusiwa. Jumlisha yote, tumemaliza drafti na wachezaji watano tu.

Mswahili wa Houston

Niko Houston, acha niseme nilichokiona huku, maana tulipitia hivi hivi mwaka 2023.

Timu yetu ya huku, Texans, walikuwa wametoka kushinda mechi 3 msimu mzima. Wakamchukua kwotabeki C.J. Stroud kwa zamu ya 2, halafu papo hapo wakanunua zamu ya 3 kutoka Arizona ili wampate mwinda kwotabeki Will Anderson Jr. wa Alabama. Bei ilikuwa kali kuliko yenu: chaguo la 12, la 33, raundi ya kwanza ya 2024 na ya tatu ya 2024, tukarudishiwa chaguo la 105. Watu walilia huku. Kazini kwetu walikuwepo walioapa kutorudi uwanjani.

Kilichotokea ni kwamba Stroud alikuwa kwotabeki wa kweli tangu siku ya kwanza. Tukashinda 10, tukashika nafasi ya kwanza kundini, tukawapiga Cleveland 45 kwa 14 kwenye mchujo. Anderson akawa mchezaji chipukizi bora wa ulinzi. Na lile chaguo tulilolililia lilipowafikia Arizona lilikuwa limeshuka mpaka 27.

Kwa hiyo mweka hazina, mimi nisingemuuliza Pearce, ningemuuliza Penix. Ameanza mechi tatu tu za mwisho wa msimu uliopita. Akiwa mtu, bei hii itasahaulika kabla ya Krismasi. Asipokuwa mtu, hata Pearce akipata saki 12 mtakuwa mnaangalia timu nyingine ikichagua kwa zamu yenu.

Hesabu Kwanza

Houston umesema vizuri, ila ongeza na upande wa pili. New Orleans 2018 walitoa chaguo la 27, la 147 na la raundi ya kwanza ya 2019 kupanda mpaka 14 kwa mwinda kwotabeki Marcus Davenport. Timu ilikuwa nzuri, ikashinda 13, kwa hiyo chaguo walilotoa liliangukia 30. Hasara ya chaguo ikawa ndogo. Lakini Davenport mwenyewe? Msimu wake bora ni saki 9, na msimu wa mwisho pale alipata nusu saki. Yaani mnaweza kushinda mechi zote hizo na bado mliyemnunua asiwe mliyemtaka.

Rams wenyewe mwaka 2024 walikaa kwenye zamu yao ya 19 bila kulipa kitu, Jared Verse akawafuata hapo hapo, na akawa chipukizi bora wa ulinzi.

Mweka Hazina wa Clarkston

Asanteni sana, nimesoma yote na nimeyapeleka kwenye kundi letu. Kuna anayeuliza: huyu Pearce mwenyewe yukoje? Maana tunabishana bei na wengine hatujamwona akicheza.

Kocha Msaidizi

Ninafundisha vijana wa mstari wa ulinzi sekondari, nimemwangalia Pearce michezo mingi ya Tennessee. Nijibu hapo.

Alipata saki 10 mwaka 2023 na 7.5 mwaka 2024. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.47, na kwa mtu wa kilo zaidi ya 110 hiyo ni kasi ya kutisha. Kipaji chake kiko kwenye hatua ya kwanza. Mpira ukisogea tu, yeye ameshavuka bega la mlinzi wa pembeni anayemkinga kwotabeki kabla mlinzi huyo hajamaliza kurudisha mguu wa nyuma. Mlinzi akishachelewa hivyo inabidi ageuze kiuno chote, na hapo ndipo Pearce anapiga mkono chini na kuinama kuzunguka kona kuelekea kwa kwotabeki. Hili la kuinama bila kupoteza kasi halifundishiki kirahisi. Vijana wangu wengi wana kasi, wakifika kwenye kona wanapitiliza.

Udhaifu wake ni pale mlinzi anapomshika kifuani mapema. Hana njia ya pili ya kutosha. Akizuiwa nje, harudi ndani haraka. Na timu ikiamua kukimbiza mpira upande wake, wale wanene wanamsukuma. Ndiyo maana napenda amekuja pamoja na Walker, kwa sababu Walker anacheza pembeni na katikati, anaweza kubeba kazi ya kuzuia mbio wakati Pearce anaingizwa kwenye jaribio la tatu kati ya manne ya wapinzani, yadi wanazohitaji zikiwa bado nyingi, akafanye kile anachokijua. Wakimpa kila mpira tangu Septemba watamchosha na watu watasema ameshindwa.

Mimi kwa bei ya 46 na raundi ya tatu ya mwakani ningesema ndiyo bila kufikiri. Kwa raundi ya kwanza, hapana.

Mama Pacha

Jamani, aliuliza pia habari ya tiketi, na hela ni ya kikundi.

Mwaka huu timu za upande wetu wa ligi zina mechi 8 tu nyumbani, si 9. Mtakaolipia msimu mtalipia na zile za maandalizi, ambazo kwa kikundi kama chenu nani atataka zamu yake iangukie huko? Wageni wa mwaka huu tayari wanajulikana: Buccaneers, Saints, Panthers, Commanders, Bills, Dolphins, Seahawks, na hao hao Rams. Kati ya hizo, nne au tano watu watazigombania, zilizobaki mtazikuta mtandaoni kwa bei ya chini wiki ya mechi. Ndugu yangu mweka hazina, gawanya. Tengeni hela ya Bills, Commanders na Rams sasa hivi, iliyobaki ikae mfukoni mpaka muone Oktoba timu imesimamaje. Mkipenda, mwakani mtalipia msimu. Kama Penix ni mtu, viti havitakimbia.

Na wasiokubaliana kikundini wasilazimishwe. Pesa ya burudani ikileta ugomvi, inahamia kwenye pesa ya misiba.

Mweka Hazina wa Clarkston

Mama Pacha, nimepiga simu kwa watatu kati ya waliokuwa wanapinga, wamekubali mechi tatu. Mzee wetu amesema ya Rams hakosi. Nitaipeleka kwenye kikao Jumamosi.

Mkongwe wa Kusini

Nawaheshimu lakini bado nasema mnakosea. Mwaka 2011 tulitoa machaguo matano kwa Cleveland, mawili kati yake raundi ya kwanza, tukapanda kutoka 27 mpaka 6. Tukatukanwa nchi nzima. Aliyekuja alikuwa Julio Jones, mpokeaji mpira aliyekuwa nyota wetu. Binti wa Tanga amekumbuka McKinley, na mimi nakumbuka huyo. Mimi changu nimeshakilipia, safu ya juu, pembeni mwa lango la kusini. Mkija ile ya Bills nitafuteni.