Ghala linatoa mzigo mpya, linauacha wa zamani uzeeke, kisha linatutoza sisi kwa uzee huo

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mtandaoni mlioko Mombasa na kwingineko, nimefungua uzi huu kwa sababu maji yamenifika shingoni. Nimepigwa danadana kwa simu na kwa barua pepe, nikaahidiwa majibu ya maandishi ambayo hayakuletwa, na mwezi huu nimeletewa ankara nyingine yenye tozo ileile ninayoipinga. Kampuni ninayoilalamikia ni ya ghala na usambazaji, iko hapahapa Mombasa, na sitaitaja jina kwa kuwa nakusudia kulifikisha jambo hili mahakamani. Wanaohifadhi mzigo humo wataitambua wenyewe kwa utaratibu nitakaoueleza.

Wengi wetu tunaouza viatu vya watoto, madera, mikoba na vyombo vya nyumbani kwa njia ya simu hatuna duka Marikiti wala Kongowea. Mzigo ukishatoka bandarini na wakala wa forodha akishamaliza kazi yake, huenda moja kwa moja kwenye ghala la kukodi, ambako wafanyakazi wa ghala ndio wanaoupokea, kuupanga, kuuchagua mteja anapoagiza, kuufunga na kumkabidhi mtu wa bodaboda au ofisi ya vifurushi ya basi. Sisi hatugusi rafu. Tunalipia nafasi kwa ujazo kila mwezi, tunalipia kila kipande kinachotolewa, na sasa tumeongezewa tozo ya tatu, inayoitwa ya mzigo mkongwe, kwa kila bidhaa iliyokaa ghalani zaidi ya miezi sita.

Naomba nieleweke kwamba sipingi tozo yenyewe. Nafasi ya ghala ina gharama, na mwenye kujaza rafu kwa bidhaa zisizotoka anawazuia wengine, kwa hiyo ni haki alipe zaidi. Hata maghala ya Amazon nchini Marekani huwatoza wauzaji ada ya ziada kuanzia siku ya 181, ikapanda kwa hatua hadi baada ya siku 365, na kila muuzaji anajua kwamba hesabu hiyo hupigwa tarehe 15 ya mwezi. Ada ya kawaida ya nafasi nayo imeandikwa wazi: kuanzia Aprili 2024 ilikuwa dola 0.78 kwa futi moja ya ujazo kwa bidhaa za ukubwa wa kawaida, na dola 2.40 katika miezi ya Oktoba hadi Desemba. Ni ghali, ndiyo, lakini muuzaji anaijua kabla hajapeleka hata katoni moja.

Hasira yangu inatokana na namna umri wa mzigo unavyohesabiwa humu kwetu. Tuchukue mfano wa ndala za aina moja, saizi moja, bei moja. Jozi 300 zimeingia Januari, na kufikia Juni zimeuzwa 150. Juni zinaingia jozi nyingine 300 za aina ileile, na kufikia mwisho wa Agosti zinauzwa jozi 200. Ghala linalofuata kanuni ya kinachotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka litakuwa limemaliza zile 150 za Januari na kuchukua 50 tu za Juni, hivyo zitabaki jozi 250, zote za Juni, na hakuna hata moja iliyofikisha miezi sita. Katika ghala hili jozi zinazobaki ni 250 vilevile, ila 150 ni za Januari, kwa sababu wafanyakazi wamekuwa wakichota kwenye katoni mpya zilizo karibu. Mauzo ni yaleyale, nafasi iliyochukuliwa ni ileile, lakini mimi naandikiwa tozo ya mzigo mkongwe kwa jozi 150, na juu yake VAT ya asilimia 16.

Jambo hili sikulisikia kwa mtu. Nilikwenda mwenyewe, nikaomba karani anipeleke kwenye rafu zangu, na baada ya kusita alinipeleka. Katoni za Juni zilikuwa zimepangwa ubavuni mwa njia ya kupitia, usawa wa kifua, zimefunguliwa juu, na jozi zimechotwa kutoka katoni tatu kwa wakati mmoja. Nyuma yao, zimesukumwa hadi ukutani, zilikuwa katoni za Januari na tarehe niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene bado inasomeka. Utepe wa gundi ulikuwa haujakatwa. Ya chini kabisa ilikuwa imelegea kwa unyevu wa sakafu, na nilipoifungua nikakuta ukungu mweupe kwenye kamba za ndani, na soli za jozi za chini zimeanza kuachana na ngozi. Kila anayeishi pwani anajua gundi ya kiatu cha bei nafuu inavyofanywa na joto na unyevu wa masika, hasa ndani ya jengo la mabati lisilopitisha hewa. Kwa hiyo pamoja na kutozwa, bidhaa nayo inaniharibikia, na iliyoharibika huandikwa kwenye taarifa ya mwezi kama iliyofika ikiwa na kasoro.

Nilipomwuliza msimamizi kwa nini mzigo wa zamani hautolewi kwanza, alinijibu kwamba hamali hulipwa kwa idadi ya vifurushi anavyofunga kwa siku, hivyo hawezi kumlazimisha ahamishe katoni kumi ili afikie moja iliyo nyuma. Jibu hili ni la kweli, na ndilo linaloniudhi zaidi. Kampuni imepanga malipo ya watu wake kwa namna inayowafanya waache mzigo wa zamani nyuma, inafahamu hivyo, kisha inageuka na kunitoza mimi kwa matokeo ya mpango wake yenyewe. Hamali simlaumu, anatafuta riziki yake kama mimi. Anayelaumika ni aliyeketi ofisini akaandika kanuni mbili zinazopingana na kumwachia mteja hasara.

Wale wa Amazon ninaowataja walishaliona tatizo hili, na wamelitatua bila kumgusa mchukuzi wa rafuni. Katika hesabu yao, kila kipande kinachouzwa au kuondolewa hupunguzwa kutoka kwenye shehena iliyokaa muda mrefu zaidi, hata kama mfanyakazi amechukua kipande kilichofika juzi. Hivyo uzembe wa rafuni hauwezi kumwongezea muuzaji umri wa mzigo. Ni suala la hesabu ndani ya kompyuta, halihitaji rafu mpya wala mfanyakazi wa ziada. Nimewaeleza hayo kwa maandishi na jibu nililopewa ni kwamba mfumo wao husoma tarehe iliyo kwenye katoni. Nikapendekeza basi kila shehena ifungwe kwa utepe wa rangi yake, nyekundu kwa robo ya kwanza ya mwaka, buluu kwa ya pili, na kuendelea, ili anayechukua aone kwa jicho ipi ni ya zamani, na nikajitolea kununua utepe huo. Pendekezo hili halikujibiwa.

Kikomo cha miezi sita chenyewe kimewekwa bila kufikiria biashara ya hapa ilivyo. Viatu na nguo za watoto hutoka kwa wingi kabla ya Idi ndogo, hutoka tena kiasi siku kama sabini baadaye kwa Idi kubwa, kisha husinzia. Mzigo uliocheleweshwa baharini ukafika wiki moja baada ya Idi ndogo hauna budi kuvuka miezi sita, hata muuzaji awe hodari namna gani. Nilitarajia ghala linalofanya kazi Mombasa liwe na akili ya kuuliza wateja wake wanauza nini na lini, badala ya kuchukua kikomo cha watu wa mbali na kuacha ulinzi uliokuja nacho.

Kuna na suala la mzigo unaorudi. Mteja wa Kisumu au Nakuru akikataa kupokea kifurushi, kinarudi ghalani, na kikifika kinaandikishwa kwa tarehe ya kwanza ya shehena yake, hata kama kilikuwa njiani wiki nzima na hakikuchukua nafasi ya mtu. Hilo ni dogo likilinganishwa na mengine, lakini nalo limo kwenye ankara.

Lililonifanya niandike leo ni hili: baada ya kukataa kulipa sehemu ya tozo ninayoipinga, huku nikilipa ada ya nafasi na ya utoaji yote bila kubakiza, wamezuia mzigo wangu wote usitoke, pamoja na shehena iliyoingia mwezi uliopita ambayo haina mgogoro wowote. Wateja waliokwisha kulipa kwa M-Pesa wananipigia simu asubuhi na jioni, wengine wananiita mwizi, nami nimeanza kuwarudishia fedha zao kutoka mfukoni mwangu. Na siku zote ambazo mzigo umezuiwa, umri wake unaendelea kuhesabiwa. Yaani wao wanaufungia, na wao hao wanaandika kwamba umekaa mno. Nikitaka kuuhamishia kwingine natakiwa nitoe notisi, nilipe ada ya kutoa kwa kila kipande, na katika muda wa notisi ada ya nafasi iendelee kama kawaida.

Hata bandari, ambayo sote tunailalamikia, haina mambo ya namna hii. Kasha la mzigo unaobaki humu nchini lina siku 4 bila malipo katika Bandari ya Mombasa, saa inaanza kuhesabika mahali panapojulikana, na ukichelewa unajua umechelewa wewe au wakala wako. Hapa saa inashikwa na yule anayenufaika inapokwenda mbio.

Ninachodai si kikubwa. Nataka ankara zote tangu tozo hii ianze zihesabiwe upya kwa kupunguza mauzo kutoka shehena ya zamani kwanza, nirudishiwe kilichozidi, nifidiwe jozi zilizooza ukutani, na mzigo usio na mgogoro uachiwe mara moja. Nimewapelekea barua ya madai yenye nakala za stakabadhi za kuingiza mzigo na orodha ya mauzo. Wasipojibu, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hukumu inapaswa kutolewa ndani ya siku 60. Madai yangu yanaingia chini ya kiwango hicho.

Kwa mliohifadhi mzigo katika ghala hilohilo, naomba mfanye jambo moja kabla ya kuandika hapa: chukueni taarifa yenu ya mwezi, mlinganishe idadi ya vipande vinavyoitwa vikongwe na jumla ya vipande mlivyouza tangu shehena hiyo iingie. Ikiwa mauzo yamezidi shehena ile yote, na bado mnaambiwa vimebaki vikongwe, basi mmetozwa kama mimi, na nitashukuru mkiniandikia faraghani ili tuambatanishe ushahidi. Na kama yupo anayemfahamu mwenye ghala Miritini, Jomvu au Shimanzi atakayekubali kuandika ndani ya mkataba kwamba umri wa mzigo utahesabiwa kwa kupunguza wa zamani kwanza, aweke hapa ada yake kwa katoni na sakafu yake ikoje, maana nina katoni za kuhamisha mara tu zitakapoachiwa.